Ndoo ya Kutemea Mvinyo

Mvinyo wa Italia niliufahamu kwanza kwa kunusa glasi chafu. Nilikuwa naosha vyombo kwenye mgahawa mmoja wa Plano, kando ya jiji la Dallas, unaouza mvinyo wa nchi hiyo peke yake. Wateja wetu wengi ni watu wa maofisini ambao wakitoka kazini hawataki kusumbuliwa na majina marefu. Wanaagiza nyekundu au nyeupe, basi. Lakini glasi zilizorudi kwangu jikoni hazikufanana hata kidogo. Moja ilinuka maua ya waridi yaliyokauka, nyingine majivu, nyingine ganda la chungwa. Mimi pua yangu haitulii tangu utotoni. Kila glasi niliinusa kabla ya kuizamisha kwenye maji ya sabuni, na wenzangu wa jikoni walinicheka mpaka wakachoka wenyewe.

Siku moja glasi sita za meza moja zilirudi zikiwa na mvinyo karibu wote, na zote zilinuka boksi lililonyeshewa mvua. Nilijifuta mikono nikamfuata mkuu wa mvinyo. Huyo ni mama wa Kiitaliano, mzaliwa wa vilima vya kaskazini, mfupi, mkali, asiyependa kuzungumzishwa akiwa kazini. Nikamwambia meza ile imepewa kitu kilichoharibika. Alinusa glasi moja, akanusa ya pili, akanikodolea macho. Kizibo kilikuwa kimeiharibu chupa nzima, mhudumu hakugundua, na wateja walikuwa wameona aibu kusema.

"Nani amekufundisha?" akaniuliza.

"Mama yangu," nikajibu. Alidhani namtania.

Sikuwa namtania. Mama alikuwa mpika pombe ya ndizi, kwanza kwetu Burundi, halafu kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, Tanzania, ambako mimi nilikulia. Ndiyo iliyotulisha na kutuvisha. Kwetu hakuna mtu anayesema pombe ya ndizi kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna aina za ndizi za pombe ambazo hazifai kupikwa wala kuliwa mbivu, kila moja ina jina lake, na ndizi ile ile ukiitoa kilima hiki ukaipanda kilima cha ng'ambo, pombe yake inabadilika. Wazee walikuwa wakionja funda moja wanakutajia kilima. Hata mtu akitaka kujua kwenu ni wapi, hakuulizi mji, anakuuliza kilima.

Nilipomweleza mkuu wangu haya, alivuta kreti akalikalia. Akasema kwao pia ni hivyo hivyo, vilima na vilima. Kuanzia juma lile, kila nilipomaliza zamu alinimiminia funda moja, moja tu, kwa sababu nilikuwa na gari la kuendesha mpaka Irving ninakoishi. Ilikuwa shule yangu kwa miaka mitatu. Nilijifunza Nebbiolo, zabibu yenye rangi hafifu inayokudanganya kuwa ni mpole, halafu inakukausha ulimi kama ndizi mbichi. Nilijifunza Barbera, jirani yake wa kilima kile kile, rangi nzito lakini haikaushi ulimi, inakutoa mate tu. Nilijifunza Verdicchio ya pwani ya mashariki yenye uchungu wa lozi mwishoni, Sagrantino ya katikati ambayo inataka nyama mezani na uvumilivu, Aglianico ya kusini inayochelewa kuiva mpaka baridi inaingia. Nilishangaa kwamba nchi moja isiyofika nusu ya Texas ina zabibu za asili nyingi kiasi hicho, na kwamba nyingine zinapatikana katika bonde moja tu na watu wa bonde la pili hawazijui. Ni kweli nilishangaa, lakini pia nilijisikia nyumbani. Sikuwa nimejisikia hivyo tangu tufike Marekani, na ninamshukuru yule mama kwa kila funda.

Kisha mhudumu wa mvinyo akaacha kazi. Mkuu wangu akaenda kwa mwenye mgahawa akasema anamtaka muosha vyombo. Mwenye mgahawa ni Mmarekani mrefu wa Texas, mtu wa haki lakini mtu wa kupima. Alisema kutakuwa na maonyesho ya siku mbili Houston, wakulima wa mvinyo wanakuja wenyewe kutoka Italia, na yeye atakuwepo kuagiza mizigo. Nije. Nizunguke meza zote asubuhi, halafu mchana atanipangia glasi sita zisizo na lebo. Nikitaja zabibu na mkoa wa glasi tano, kazi ni yangu. Nikishindwa, ataajiri mtu wa nje, nami nirudi kwenye sinki. Nilikuwa na miaka arobaini na minane, mgongo wangu ulikuwa umeshaanza kukataa lile sinki, na nilijua kwamba mlango wa namna hiyo hautafunguliwa tena.

Tulishuka Houston na gari la mkuu wangu. Njiani aliniuliza mambo ya mikoa saa nne nzima, na sikukosea hata moja. Tulipokuwa tunaingia kwenye ukumbi wa hoteli akaniambia kwa haraka, "Usisahau kutema. Kila meza ina ndoo." Nikaitikia. Nilidhani nimeelewa.

Lazima niseme hapa kwamba kutema sikuwahi kufundishwa. Funda moja kwa siku halihitaji kutemwa. Na tena nilikuwa nimekula kiapo utotoni. Kambini, nikiwa na miaka kama minane, mwanamume mmoja alikuja kwetu, akapokea pombe ya Mama, akaonja, akaitema chini mbele ya mlango. Ilikuwa kama amemtemea yeye mwenyewe. Majirani walimfuata mpaka kwake. Jioni ile ile walimrudisha, wakamkalisha, akanywa kibuyu kizima mbele ya watu wote huku akiomba radhi. Tangu siku hiyo nilijua kwamba kinywaji cha mtu unakimeza, na kama hukipendi, unameza hivyo hivyo.

Meza ya kwanza alisimama bibi mmoja mkulima kutoka Sicily, kutoka miteremko ya mlima wa volkano. Kucha zake zilikuwa na udongo mweusi ambao hautoki hata ukisugua, naujua udongo wa namna hiyo. Alikuwa amebeba mvinyo wa Nerello Mascalese, zabibu ya kwao. Mbele yangu kijana mwenye suti alionja, akageuka, akatema fyaa ndani ya ndoo huku akisoma simu yake, akaondoka bila neno. Bibi alifuta ukingo wa ndoo kwa kitambaa. Halafu akanigeukia mimi, akatabasamu, akamimina.

Nikameza. Ningefanya nini?

Nikasema nitatema meza ya pili. Meza ya pili alikuwa baba na binti yake, wamesafiri siku mbili. Nikameza. Ya tatu, mzee alinionyesha picha ya mizabibu aliyoipanda babu yake. Jamani, unatemaje mbele ya picha ya babu? Wengine walionja kidogo, mimi nilionja kidogo pia, lakini kidogo mara arobaini si kidogo. Na asubuhi nilikuwa sijala kwa sababu ya wasiwasi. Kufika saa saba mchana, ukumbi ulikuwa umeanza kuelea taratibu, na mimi nilikuwa nampenda kila mtu aliyekuwemo.

Glasi sita zilipangwa kwenye meza ya pembeni. Mwenye mgahawa alikaa upande mmoja, mkuu wangu upande mwingine. Nilikaa, nikausifu mkanda wa mwenye mgahawa. Nikanusa glasi ya kwanza, nikausifu mkanda tena. Pua ilikuwa imekufa. Nebbiolo, ambayo naijua kama ninavyoijua sauti ya dada yangu kwenye simu, niliiita Barbera. Nyeupe ya Liguria niliipeleka Sicily. Nilipata mbili kati ya sita, na moja kati ya hizo mbili ilikuwa bahati.

Mwenye mgahawa hakugomba. Hilo liliniuma zaidi. Alimtazama mkuu wangu akasema kwa upole, "Amelewa." Mkuu wangu akawa mwekundu mpaka kwenye masikio. Aliomba nafasi moja, kesho, kabla maonyesho hayajafungwa. Mwenye mgahawa alifikiri kidogo, akakubali, akaongeza kwamba ni ya mwisho na kwamba ndoo zipo kwa ajili ya kazi.

Tulikuwa tumealikwa kwa dada yangu mdogo, Alief, mtaa wa huko huko Houston, anakoishi na Mama. Ndani ya gari mkuu wangu akasema, bila kunitazama, "Nilikuombea kazi kwa jina langu." Nikamweleza yote, kibuyu, bibi mwenye udongo kwenye kucha, picha ya babu. Nilijiona mjinga wa mwisho. Alisikiliza macho yakiwa barabarani, nami nikadhani amekata tamaa kabisa.

Jua lilikuwa bado halijazama tulipofika. Dada yangu ndiyo kwanza alikuwa ametoka kazini, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia, na alikuwa bado na sare. Alitupokea, akatukaribisha mezani kwenye maharage, ndizi za kupika na samaki wadogo. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, miaka themanini na zaidi, miguu imegoma lakini ulimi mzima kabisa. Aliniangalia mara moja tu.

"Umekunywa," akasema.

"Nilikuwa kazini, Mama."

"Kazi gani hiyo ya kunywa mchana?"

Nikamsimulia. Dada akaanza kunikonyeza. "Kaka, please, mambo ya pombe mbele ya mgeni? Na wewe umekuja naye amechoka, ame-drive kutoka Dallas!" Dada yangu anaimba kwaya kanisani na hapendi watu wajue kwamba tulisomeshwa na pombe. Mama akamwambia anyamaze, hiyo pombe ndiyo iliyomnunulia daftari la kwanza. Halafu akanigeukia mimi.

"Kwa hiyo ulimeza zote."

"Ningetemaje, Mama? Mbele ya mwenye mali? Nilimwona yule mtu aliyetema kwako."

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka dada akamletea maji.

"Mwanangu, wewe una akili au una maji? Mimi nilikuwa natema kutwa nzima. Unafikiri nilipikaje? Mapipa sita kwa juma, naonja maji ya ndizi asubuhi, naonja yakianza kuchacha, naonja kabla sijachuja, naonja kabla ya kuuza. Ningemeza yote hayo, nani angewapikia ugali? Nyinyi mngekufa njaa na mimi nimelala kwenye majani ya migomba."

"Sikuwahi kukuona."

"Ungenionaje? Watoto tuliwafukuza kule kwenye shimo la kuivishia ndizi. Mpika anatema, mwanangu. Anayeonja kwa kazi anatema. Yule mpumbavu hakuwa kazini, alikuja kama mgeni, akapewa kiti, akatema na kwenda zake. Kosa lake ni hilo. Wewe kesho ukienda, tema. Tema vizuri, usijichafue shati. Halafu kazi ikiisha, rudi kwa mwenye mali, simama naye, unywe glasi moja mpaka chini. Hapo umemheshimu."

Nilikaa na kijiko mkononi. Miaka arobaini nilikuwa nimeshika sheria ya mgeni nikidhani ndiyo sheria ya nyumba yetu, na mwenye nyumba mwenyewe alikuwa akifuata nyingine. Nilicheka na machozi yakanitoka, sijui lipi lilitangulia. Mkuu wangu akaniuliza Mama amesema nini. Nikamtafsiria. Aliacha kula, akaniomba nirudie ile sehemu ya mpika kutema, kisha ile ya kurudi na kunywa. Nikarudia. Akaitikia kwa kichwa, akasogeza sahani kidogo. Mimi nililala pale pale kwa dada, yeye akaenda hotelini.

Asubuhi kabla ya kuondoka Mama alinisimamisha mbele ya sinki la jikoni na glasi ya maji. Akaamuru niteme. Nikajichafua shati. Akaniambia nibane midomo, nisukume kwa ulimi, nisipulize kama mtu anayezima moto. Nikarudia mara kumi, kumi na tano. Mwanamume mzima wa miaka arobaini na minane, nafundishwa na mama yangu kutema mate Alief, huku dada akitafuta shati lingine kabatini na kulalamika kwamba atachelewa ku-clock in kazini. Kama kuna asubuhi nitakayoikumbuka mpaka nife, ni hiyo.

Nilianza tena na meza ya bibi wa Sicily. Alinitambua. Akamimina. Nilionja, nikausambaza mvinyo mdomoni, nikainamia ndoo, nikatema mstari mmoja ulionyooka. Moyo ulinidunda kana kwamba nimevunja sahani kanisani. Nikainua macho kumtazama. Hakuwa ameona ajabu yoyote. Alikuwa akinisubiri niseme nimeonja nini. Nikamwambia: cheri chungu, moshi kwa mbali, na kitu kama jiwe lililochomwa na jua. Akapiga makofi mawili madogo, akamwita mwanawe asikie. Hapo nikaelewa kwamba yule kijana wa jana hakumkosea kwa kutema. Alimkosea kwa kuondoka bila neno.

Nilizunguka meza zote, na ukumbi haukuelea. Saa saba nilikaa mbele ya glasi sita mpya. Mwenye mgahawa alikuwa amevaa mkanda ule ule na sikuutaja. Nilitaja Verdicchio, mkoa wa Marche. Nilitaja Vermentino, nyeupe nyingine, na nikasema ni ya Sardinia, si ya Liguria, kwa sababu ilikuwa nzito zaidi na yenye jua. Nilitaja Barbera na Nebbiolo, zote za Piemonte, na safari hii kila moja niliiita kwa jina lake. Ya tano nilikwama. Nyeusi, inabana, inakauka. Sagrantino au Aglianico? Nilinusa mara nne. Mwishowe niliacha kuwaza majina nikawaza mahali, kilima cha katikati au mlima wa kusini, na pua ikanipeleka kusini. Nikasema Aglianico, Campania. Ya sita niliikosea, ilikuwa nyekundu ya kule milimani karibu na Austria ambayo nilikuwa nimeinywa mara moja tu.

"Tano," mwenye mgahawa akasema. Akasimama, akanipa mkono. "Jumatatu uje na tai."

Mkuu wangu hakunipongeza. Aligeukia ukutani, akashughulika na mkoba wake kwa muda mrefu kuliko mkoba unavyohitaji. Mimi nilirudi kwa bibi wa Sicily, nikaomba glasi kamili, nikasimama naye tukanywa mpaka chini. Hakujua Kiingereza na mimi sijui Kiitaliano. Alinionyesha kwa vidole ana wajukuu saba. Nikamwonyesha na mimi wangu watatu.

Tulipita Alief kuaga kabla ya kurudi kaskazini. Tulisema tunasimama dakika tano tu. Dada alikuwa kazini, Mama yuko peke yake na kiti chake. Nilipiga magoti nikamwambia nimepata kazi. Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili akaniombea, na nilimshukuru kwa maneno ambayo sikuwahi kumwambia, ya ndizi, ya shimo, ya madaftari. Akasema yeye alikuwa anapika tu.

Mkuu wangu alikuwa bado amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Akaniambia, "Mwulize mama yako kitu."

Akasema yeye mwenyewe alipokuwa msichana alikwenda kusomea mvinyo mjini. Baba yake alikuwa mkulima wa zabibu chache kijijini. Mwaka wa kwanza alirudi nyumbani, baba akamfungulia chupa ya mwaka ule, akammiminia jikoni. Yeye akaonja, akatema kwenye sinki kama alivyofundishwa, akamwambia baba yake mvinyo wake una kasoro gani. Baba alichukua kitambaa akasafisha sinki. Miaka yote baada ya hapo hakummiminia tena, na sasa amekwishafariki.

"Mwulize kama ni kwa sababu nilitema."

Nilitafsiri polepole. Mama alimtazama mwanamke yule aliyesimama mlangoni, ambaye kwangu ni bosi na kwake ni mtoto wa mtu.

"Mwulize, baada ya kutema, alikaa akanywa na baba yake?"

Nikauliza. Mkuu wangu alitikisa kichwa. Alisema alikuwa na treni ya kuwahi.

Nilidhani Mama atamwambia neno la kumtuliza, kwamba baba alisahau, kwamba si kitu. Hakusema hivyo. Alisukuma kiti cha plastiki kwa mguu wake ule ule uliogoma, mpaka kikafika katikati ya chumba.

"Mwambie akae," akasema. "Na wewe bandika chai."

Nilikwenda jikoni nikachemsha maziwa, nikatia majani, tangawizi na sukari nyingi kama Mama anavyotaka. Niliporudi na vikombe, mkuu wangu alikuwa amekaa, funguo ziko sakafuni, mkono wake uko ndani ya mikono ya Mama, na alikuwa akilia bila kujificha. Mama alionja chai kwanza, akasema tangawizi haitoshi, akampa kikombe. Mkuu wangu akanywa mpaka chini. Tulifika Plano tumechelewa sana.